Kundi la Kozi na Watano wa Kimbweta: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Siku utakayomaliza kujisajili chuoni, kabla hujajua maktaba iko upande gani, mtu atakuomba namba ya simu. Jioni hiyohiyo utaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kozi yako, pamoja na watu mia mbili au zaidi ambao hujawahi kuwaona. Utasoma "karibuni sana" arobaini, tangazo la godoro linalouzwa, swali la kama bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) limetoka au bado, picha ya ratiba isiyosomeka vizuri, na katikati ya hayo yote ujumbe mmoja mfupi kwamba mhadhara wa kwanza umehamishiwa ukumbi mwingine. Usipouona huo mmoja, asubuhi yako ya kwanza utaimalizia kwenye ukumbi mtupu.

Nakuandikia mwongozo huu, mdogo wangu, kwa sababu nilikuwa CR, yaani mwakilishi wa darasa letu, na kwa mkono wangu mwenyewe niliwaumiza wenzangu kupitia kundi kama hilo. Tulikuwa mwaka wa pili. Usiku wa Jumatano rafiki wa kozi nyingine alinitumia ujumbe kwamba jaribio la Ijumaa limesogezwa hadi Jumatatu. Ulikuwa umeandikwa vizuri, una jina la somo, ukumbi na saa. Sikumpigia mwalimu. Sikungoja kuche nikaangalie ubao wa matangazo wa idara. Niliusambaza kwa darasa zima, nikalala. Jaribio likafanyika Ijumaa saa mbili asubuhi kama lilivyopangwa. Wenzetu tisa hawakuwepo, na wawili kati yao walikuwa wameshapanda basi kwenda kwao. Mmoja alikuja kufanya sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo lile kwa sababu alama za koziweki (kazi na majaribio ya muhula) hazikutosha. Nilimfuata nikamwomba radhi, akanisamehe. Lakini mpaka leo, nikitaka kusambaza ujumbe wowote, kidole husita kwanza.

Tangazo lina mwenyewe

Kundi kubwa litegemee kwa kazi moja tu: kukushtua kwamba kuna jambo. Likishakushtua, nenda kwa mwenye jambo. Ratiba mwenyewe ni idara au ofisi ya taaluma. Matokeo mwenyewe ni mfumo wa chuo, ambao unauingia kwa nywila yako. Mkopo mwenyewe ni Bodi ya Mikopo na ofisi inayoshughulikia mikopo hapo chuoni kwako. Habari isiyo na mwenyewe iache ilipo, hata kama imetumwa na mtu unayempenda.

WhatsApp yenyewe imekuwekea alama ya kukusaidia. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi huja na mishale miwili juu yake, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unaweza kusambazwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati. Ukiona mishale hiyo miwili juu ya kitu kinachojiita tangazo la idara yako, jiulize: idara yenye wanafunzi mia mbili inawezaje kutoa tangazo ambalo tayari limezunguka mikononi mwa watu wengi hivyo? Mara nyingi utakuta ni la chuo kingine, au la mwaka mwingine.

Ukichaguliwa kuwa CR, fungua makundi mawili. Moja liwe la matangazo, ambamo wasimamizi pekee ndio wanaoandika. Mpangilio huo upo ndani ya WhatsApp yenyewe. La pili liwe la mazungumzo, watu wauze magodoro yao humo kwa amani. Kila tangazo uliandike kwa mtindo mmoja: nani amesema, amesema lini, amesemea wapi. "Mwalimu ametuambia leo saa nne mwishoni mwa mhadhara" ni tangazo. "Nasikia jaribio limesogezwa" ni mnong'ono. Na ukikosea, usiufute ujumbe kimyakimya, kwa sababu walioshausoma huenda wasijue kwamba umefutwa. Andika masahihisho waziwazi, na kama ni jambo la mtihani, piga simu mmojammoja.

Watano wa kimbweta

Hapa ndipo nataka tukae zaidi.

Kwenye vyuo vyetu vingi Tanzania utakuta vimbweta, zile meza na viti vya saruji vilivyojengwa chini ya miti. Wanafunzi hukaa hapo kwa diskasheni mpaka giza liingie, na wengine hubaki hapo na tochi za simu. Tafuta watu wanne, pamoja nawe mtimie watano, ambao mnaweza kukutana kwenye kimbweta kimoja mara moja kwa wiki. Kisha, na hii ndiyo nia yangu yote katika kuandika, wafungulieni wale watano kundi lao dogo, na kundi hilo lizungumze Kiswahili.

Nakueleza kwa nini. Umesoma sekondari kwa Kiingereza, na chuoni mihadhara, vitabu na pepa vitakuja kwa Kiingereza, isipokuwa kama unasoma Kiswahili chenyewe. Lakini simama mlangoni mhadhara ukiisha, usikilize. "Hivi alimaanisha nini pale?" Swali linaulizwa kwa Kiswahili na jibu linakuja kwa Kiswahili. Kuelewa kwenyewe kunatokea pale mlangoni, dakika tano kabla watu hawajatawanyika kwenda kula. Zamani dakika hizo zikipita zimepita. Leo una simu yenye kitufe cha kurekodi sauti, na sauti ya dakika tatu kwa kawaida haifiki hata megabaiti moja. Sidhani kama tumewahi kupata kifaa cha kusomea cha bei nafuu kuliko hicho, na wengi wetu tunakitumia kutumiana vichekesho.

Fanyeni hivi. Somo la wiki mligawane vipande vitano. Kila mmoja asome kipande chake, afunge kitabu, kisha arekodi maelezo kwa Kiswahili, dakika tatu, bila kusoma popote. Akikwama katikati ya sentensi, amejua mahali asipoelewa, arudi kitabuni. Wale wanne wengine wasijibu kwa kidole gumba. Kila mmoja atume swali, hata likiwa dogo. Maswali yaliyobaki bila jibu ndiyo ajenda ya kimbweta. Na mkutano usiishe kabla kila mtu hajaandika aya moja kwa Kiingereza, kwa mkono, kuhusu kipande ambacho si chake. Mtihani hautakuuliza kwa Kiswahili, hivyo daraja la kurudi Kiingereza lazima ulijenge mwenyewe, na utalijenga vizuri zaidi ukiwa tayari umesimama kwenye ardhi ngumu.

Nakumbuka somo la uchumi, unyumbufu wa mahitaji. Mhadhara mzima ulipita na grafu zake, na mimi nilinakili kila kitu bila kuelewa chochote. Usiku mwenzetu mmoja akatuma sauti. Akasema: bei ya chumvi ikipanda mara mbili, mama yako atapika bila chumvi? Hatapika. Atanunua, atanung'unika, maisha yataendelea. Sasa kantini wakipandisha bei ya chipsi mayai, wewe utafanya nini? Utahamia kwenye ugali maharage siku hiyohiyo. Basi mahitaji ya chumvi hayanyumbuki, ya chipsi mayai yananyumbuka, na sababu ni kwamba chipsi zina mbadala na chumvi haina. Sauti ile haikumaliza dakika mbili. Niliisikiliza mara tatu nikiwa kwenye foleni ya maji, na kwenye mtihani niliandika kurasa mbili nikiwa namsikia yeye.

Watano wanatosha. Wakifika kumi, watatu watasoma na saba watasikiliza. Na msichaguane kwa urafiki peke yake: mtafuteni yule anayeuliza maswali mhadharani hata kama hamjazoeana naye, na yule mwenye ulemavu au anayekaa mbali na chuo ambaye mara nyingi huachwa nje ya diskasheni za jioni. Huyo wa mbali atafaidika na sauti kuliko mtu yeyote. Kwa mwenzetu asiyeona, kundi la picha za madaftari ni ukuta, na kundi la sauti ni mlango.

Madesa

Wiki ya tatu hivi mtu atatuma desa (notisi za kunakiliwa) la somo zima, kurasa arobaini, na kundi litajaa shukrani. Lipokee. Kisha chukua muhtasari wa kozi uliopewa na mwalimu, tafuta kitabu au makala iliyotajwa humo, na ulinganishe mambo matatu tu kutoka kwenye lile desa. Madesa mengi yaliandikwa na mtu mwenye haraka miaka mingi iliyopita, yakapita steshenari hata steshenari, na makosa yake yakanakiliwa pamoja nayo. Baadaye nimewahi kusahihisha mitihani ambamo watu waliokaa pembe nne za ukumbi waliandika mwaka uleule usio sahihi. Hawakuibiana. Walimeza desa moja.

Anayekwambia ana pepa iliyovuja na anataka umtumie pesa kwa simu, zuia namba yake. Akikutapeli umepoteza pesa. Asipokutapeli, umejiingiza kwenye kosa linaloweza kukufukuzisha chuo.

Bando, na kuhifadhi kilicho chako

Kitu kilichomo kwenye kundi bado si chako. Simu huibwa kwenye daladala, skrini hupasuka, na picha nyingi hujaza nafasi mpaka unafuta kwa hasira usivyopaswa kufuta. Kila Jumapili tenga nusu saa: toa nyaraka za wiki kutoka kwenye kundi, zipe majina yanayoeleweka (somo, mada, wiki), uzihifadhi kwenye barua pepe yako au kwenye hifadhi ya mtandaoni ya akaunti yako. Flashi ibaki kuwa ya kupelekea kazi steshenari kuchapishwa. Isiwe nakala yako pekee, maana kompyuta za steshenari hupita mikono mingi na virusi hupita pamoja nayo.

Nenda kwenye mipangilio ya WhatsApp uzime upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video ukiwa unatumia bando. Hilo peke yake litakuokolea fedha kila wiki. Ukipiga picha ukurasa wa kitabu, itume kama nyaraka, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na maandishi madogo hufifia. Vitu vikubwa vipakue ukiwa chuoni kwenye Wi-Fi, asubuhi mapema kabla watu hawajajaa.

Vyuo vingi vya kwetu hutumia Moodle, mfumo wa kufundishia uliotolewa na Martin Dougiamas wa Australia mwaka 2002 na ambao hauna ada ya leseni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanautumia, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania wanautumia, na kule Makerere mfumo wao wa MUELE umejengwa juu yake. Wanafunzi wengi huufungua siku ya kuwasilisha kazi tu. Weka programu yake kwenye simu: inakuruhusu kupakua masomo ukiwa na mtandao na kuyasoma baadaye bila mtandao. Na ukiwasilisha kazi humo, piga picha ya skrini inayoonyesha muda na uthibitisho. Siku mfumo ukigoma saa tano na dakika hamsini usiku, picha hiyo ndiyo shahidi wako.

Usidhani mtandao utakuwepo kila siku. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizokaa na intaneti dhaifu kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na nyaraka zake kwenye simu aliendelea kusoma.

Kutafuta kilichoandikwa na wasomi

Utapewa kazi ya kurasa kumi na kuambiwa ulete marejeo. Anza na Google Scholar badala ya Google ya kawaida. Kwenye matokeo, angalia upande wa kulia kama kuna nakala ya bure. Kisha nenda AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998 na yenye makao Afrika Kusini. Humo utakuta wasomi wetu wakiandika kuhusu mambo yetu, na majarida mengi hupakuliwa bila malipo. Kwa wa Kiswahili, Kioo cha Lugha limo humo, na Swahili Forum linasomwa bure mtandaoni. JSTOR hukuruhusu kusoma hadi makala 100 kwa mwezi ukifungua akaunti ya bure. Na kabla hujalipia makala yoyote ya ng'ambo, muulize mkutubi kama chuo chenu kimejiunga na Research4Life, mpango unaofungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipiwa. Wakutubi wanajua mambo mengi ambayo hakuna anayewauliza. Nilikaa chuoni miaka miwili kabla sijamuuliza mmoja, na nilijuta ile miaka miwili.

Ukianza kukusanya marejeo, tumia Zotero. Ni ya bure, na itakupangia orodha ya marejeo kwa mtindo idara yako inaoutaka.

Kuhusu akili mnemba: ChatGPT ilifunguliwa kwa umma Novemba 2022, na leo hakuna darasa lisilokuwa nayo. Usiipe kazi ya kukutafutia marejeo bila kukagua. Programu hizi huweza kutunga jina la makala, la mwandishi na la jarida, vyote vikafanana kabisa na vya kweli wakati makala hiyo haipo duniani. Kila rejeo inalokupa, litafute kwenye Google Scholar au AJOL, lisipoonekana, liache. Ukiitaka ikusaidie kweli, ipe maelezo yako uliyoandika mwenyewe na uiambie ikuulize maswali kumi magumu juu yake. Wanakimbweta wakiwa wamelala, inaweza kukaa mahali pao kwa saa moja. Na kabla hujaitumia kwenye kazi ya alama, soma kanuni za chuo chako au muulize mwalimu anaruhusu nini.

Kumwandikia mwalimu

Namba ya mwalimu ikiwa kwenye kundi, haina maana umpigie saa nne usiku. Mwandikie mchana, na ujumbe wako wa kwanza ubebe kila kitu ili asilazimike kukuuliza wewe nani. "Mambo sir, naomba unisaidie" unamlazimisha ajibu kwa maswali, na akiwa na ujumbe sitini wa namna hiyo hatajibu hata mmoja. Anza na shikamoo. Taja jina lako kamili, mwaka, programu na namba ya usajili. Sema umesoma nini, umeelewa nini na umekwama wapi. Mwisho omba kitu kimoja: "Naomba kujua kama naweza kukuona ofisini Alhamisi kati ya saa nne na saa sita." Kwa mambo ya alama na rufaa tumia barua pepe, kwani hayo huenda yakahitaji kumbukumbu. Asipojibu kwa siku tatu, kumbusha mara moja kwa adabu, kisha nenda ofisini kwa miguu yako.

Siri za wenzako

Orodha ya matokeo yenye majina, picha ya mwenzako aliyelala maktabani, namba ya simu ya binti aliyoiweka kundini kwa ajili ya kazi ya pamoja: vyote hivi hupita mkononi mwako kila wiki. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kifungu chake cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya walitunga ya kwao ya taarifa binafsi mwaka 2019. Lakini nisingependa uogope sheria tu. Mwaka wa kwanza ni mgumu, na kuna mtu atakayeacha chuo kwa sababu ya picha moja iliyochekwa na watu mia mbili. Ukiiona, usicheke nao. Mwandikie mwenye picha pembeni umuulize anaendeleaje, na mwandikie msimamizi aiondoe. Na dada yangu, akikuandikia usiku mtu yeyote mwenye mamlaka juu ya alama zako, maneno yasiyohusu masomo, usiyafute hata yakikuchefua. Yahifadhi, na umwonyeshe mtu mzima unayemwamini au dawati la jinsia la chuo.

Linda na ya kwako pia: akaunti yako ya WhatsApp imefungamanishwa na namba ya simu. Laini usiyoitumia kwa muda mrefu hufungwa na namba hiyo inaweza kuuzwa upya kwa mtu mwingine, naye akaingia kwenye makundi yako na kuonekana kama wewe. Ukibadilisha laini, tumia kipengele cha kubadilisha namba kilichomo ndani ya WhatsApp kabla hujaitupa ile ya zamani. Tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe mfupi usimpe yeyote, hata anayeandika kwa jina la CR wako akisema amezituma kwako kwa bahati mbaya. Huyo CR wako huenda alishaibiwa akaunti jana. Na leo hii, kwenye mipangilio, washa uthibitishaji wa hatua mbili, uchague PIN yako ya tarakimu sita, uiandike kwenye daftari linalobaki chumbani.